Fujo ni Nini? Namna Hati za Sheria Zilivyolipima Neno Hili



Jioni moja, katika chuo kimoja cha walimu ambacho hatutakitaja jina, wanafunzi kumi na wanane waliingia chumba cha kulia wakaona maharagwe yamejaa wadudu. Hawakupiga kelele. Walisimama kimya kando ya meza, sahani mkononi, wasikubali kuketi wala kuondoka, mpaka mkuu wa chuo akaitwa. Asubuhi yake sisi walimu tukakusanyika kuliamua jambo lile, maana kitabu cha kanuni kilikuwa na mstari mmoja tu juu yake: "Mwanafunzi afanyaye fujo atafukuzwa."

Mwalimu mmoja akasema, "Hii ndiyo fujo yenyewe. Waliamriwa kuketi, nao hawakutii." Mwingine akamjibu, "Ndugu zangu, juma lililopita vijana wetu waliposhinda mpira waliimba hata usiku wa manane, wakavunja na benchi, wala hapana aliyesema kuwa wamefanya fujo. Hawa wa jana hawakuvunja hata kikombe." Tukatazamana. Tulikuwa na neno, lakini hatukuwa na maana yake. Na vijana kumi na wanane walikuwa wakingoja uani, wengine wao wakiwa ndio tegemeo la pekee la wazazi wao.

Mambo ya vijana wale yalikwishaje tutawaeleza mwisho wa mazungumzo haya. Kwanza twataka kuwasimulia yale tuliyoyaona tulipoanza kutafuta katika historia jinsi watu wa sheria walivyolieleza neno hili. Sisi tulidhani tutakuta maana moja. Tulikuta maana nyingi, na kila moja ilikuwa na sababu yake. Fujo ya hakimu si fujo ya mwenye bima, wala fujo ya mwenye bima si fujo ya mfanyabiashara wa baharini. Tena tuliona ya kuwa maana hizo si mchezo wa wasomi: kwa maana hizo watu wameponyoka kitanzini, na kwa maana hizo watu wamefilisika.

Na tuanze na Uingereza, kwa kuwa sheria nyingi za nchi zetu zimetoka huko. Mwaka 1715, mfalme George wa kwanza alipokuwa ameketi kitini karibu mwaka mmoja tu, nchi ilikuwa na wasiwasi, na makundi ya watu yalikuwa yakibomoa nyumba za sala za wale wasiofuata kanisa la serikali. Bunge likatunga sheria ya ghasia, ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti mwaka ule. Sheria hiyo iliweka vipimo vitatu: hesabu ya watu, maneno, na saa.

Hesabu ilikuwa watu kumi na wawili au zaidi, waliokusanyika kinyume cha sheria na kuvunja amani. Maneno yalikuwa tangazo fupi lililoandikwa ndani ya sheria yenyewe. Hakimu alipaswa kuwakaribia watu kadiri awezavyo bila hatari, awanyamazishe, kisha asome kwa sauti kuu ya kwamba Mfalme anawaamuru watawanyike mara moja, waende kwa amani majumbani mwao au kwenye kazi zao za halali. Na mwisho amwombee Mfalme ulinzi wa Mungu. Saa ilihesabiwa tangu tangazo lisomwapo. Watu kumi na wawili waliokuwa wangali pamoja baada ya saa moja walikuwa na hatia, na adhabu yake ilikuwa kifo. Askari waliowaua wakati wa kuwatawanya hawakushtakiwa. Hata mwaka 1837 ndipo adhabu ya kifo ilipoondolewa katika sheria hiyo.

Tazameni jinsi kipimo hicho kilivyokuwa chembamba. Mtu wa kumi na mbili akienda zake nyumbani, waliobaki ni kumi na mmoja, na kosa lile kubwa halipo tena, ingawa makosa madogo yaweza kuwapo. Na mwaka 1830 watu walioshtakiwa kwa sheria hiyo waliponyoka kwa sababu aliyesoma tangazo alisahau maneno ya mwisho, yale ya kumwombea Mfalme. Korti ilisema kwamba tangazo lisilotimia si tangazo. Mtu aweza kucheka, akasema huu ni upuzi. Walakini yampasa akumbuke kwamba adhabu ilikuwa kitanzi. Neno litakalomwua mtu ni haki lisomwe lote.

Bali kipimo kilichoandikwa vizuri hakifai kitu watu wasipokisikia. Tarehe 16 Agosti 1819, katika uwanja mmoja wa mji wa Manchester, walikusanyika watu wapatao 60,000, waume kwa wake, wengine pamoja na watoto wao, wakidai haki ya kuchagua wajumbe wa Bunge. Mahakimu waliokuwa wakitazama kutoka dirishani walisema baadaye kwamba tangazo lilisomwa. Watu wengi waliokuwapo walisema hawakusikia neno lolote. Saa nzima haikupita. Askari wa farasi waliingia katikati ya umati wakiwa na panga, na watu wasiopungua 15 wakafa, na mamia wakajeruhiwa. Mpaka leo wanahistoria hubishana juu ya tangazo lile. Basi hapo twaona ya kwamba hati ni kitu kimoja, na sauti ya kuipeleka hati masikioni mwa watu ni kitu kingine.

Sasa tuvuke bahari tuje kwetu, lakini tupitie Bara Hindi, maana ndiko sheria yetu ya kwanza ya jinai ya maandishi ya Kiingereza ilikotoka. Bwana Macaulay na wenziwe waliandika mswada wa kitabu cha makosa ya jinai mwaka 1837, nacho kikawa sheria ya India mwaka 1860. Kitabu hicho kilisema mkusanyiko usio halali ni wa watu watano au zaidi wenye nia moja katika mambo yaliyotajwa, kama vile kuizuia sheria kwa nguvu, au kumnyang'anya mtu mali yake kwa nguvu. Waingereza wakakileta kitabu hicho Unguja. Wakakitumia Kenya tangu mwaka 1897, ilipokuwa haijaitwa Kenya bado, na Tanganyika tangu mwaka 1920.

Mwaka 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zilipewa vitabu vipya vya jinai, na Unguja ikafuata mwaka 1934. Hivyo havikutoka India tena. Asili yake ni kitabu kilichoandikwa Queensland, katika nchi ya Australia, mwaka 1899, kikapita Nigeria, kisha kikaja huku. Na ndani yake hesabu ilikuwa imebadilika: badala ya watano, watatu. Yaani watu wanne waliosimama mbele ya duka mwaka 1929, wenye nia ya kuvunja sheria, hawakuwa mkusanyiko usio halali, ingawa wangeweza kushtakiwa kwa kosa jingine. Watu walewale, wakisimama pale pale kwa nia ile ile baada ya sheria mpya kuanza, walikuwa wamekwisha kosa kwa kule kukusanyika. Wao hawakubadilika, kilichobadilika ni kitabu. Hata leo sheria za Tanzania bara na za Kenya zahesabu watatu, na India, ingawa imeandika kitabu kipya kilichoanza kazi mwaka 2024, yahesabu watano kama zamani za Macaulay.

Katika vitabu vyetu hivyo lipo neno jingine la kuangaliwa sana kuliko hesabu, nalo ni hofu. Sheria yasema kwamba watu watatu wenye shabaha moja, wakienenda kwa namna ambayo wakaao jirani wana sababu ya kuogopa kuwa amani itavunjwa, hao ni mkusanyiko usio halali, hata kama mwanzo walikusanyika kwa halali. Wakianza kuitimiza shabaha yao kwa kuvunja amani na kutia watu hofu, huo mkusanyiko waitwa ghasia. Kelele hazikutajwa. Ngoma ya harusi yaweza kusikika vijiji vitatu, nayo si ghasia, kwa kuwa jirani haogopi. Aweza kukosa usingizi, lakini haogopi. Na wale kumi na wawili wa zamani za mfalme George hawakusahauliwa: vitabu vyetu vyasema ya kuwa tangazo la kuwatawanya wafanya ghasia hutolewa wakiwapo watu kumi na wawili au zaidi. Tofauti ni kwamba hapana saa moja iliyokatwa. Sheria yasema "muda wa kiasi," na aliyebaki baada yake hufungwa, hauawi.

Tena katika kitabu hicho hicho, mkifungua kurasa chache mbele, mtakuta kifungu kinachohusu ibada. Mtu aliyevuruga kwa kusudi mkutano wa watu wanaoabudu kwa halali, au wanaofanya taratibu za dini yao, ana hatia. Hapo hesabu imeshuka ikawa mtu mmoja. Wala haikuulizwa kama kuna aliyeogopa. Kwa nini? Kwa sababu kinacholindwa ni kingine. Barabarani sheria hulinda usalama wa miili na mali. Msikitini na kanisani hulinda utulivu wa moyo, na utulivu huo mtu mmoja peke yake atosha kuuharibu. Basi, wasikilizaji, shikeni ufunguo huu, maana utatufungulia milango yote iliyobaki: hati huipima fujo kwa kuangalia ni kitu gani inachokilinda.

Tutoke kwa hakimu, tuende kwa watu wa bima. Bima ni mapatano: mtu hulipa fedha kidogo kila mwaka, na kampuni huahidi kumlipa nyumba yake ikiungua au mali yake ikipotea. Lakini kampuni haiahidi yote. Katika hati huandikwa mambo ambayo yakitokea, haitalipa. Na hapo ndipo neno moja huwa na bei ya nyumba nzima.

Mwaka 1766 katika mji wa Norwich watu walikasirika kwa sababu bei ya chakula ilikuwa imepanda sana, wakachoma jengo la mtu mmoja mfanya kimea. Hati yake ya bima ilisema kampuni haitalipa moto ukitokana na "mamlaka yaliyonyakuliwa," yaani watu waliojitwalia nguvu za dola. Kampuni ikasema kundi lile lilijitwalia nguvu. Majaji wakakataa mwaka 1767. Wakasema maneno yale maana yake ni uasi, au adui mwenye jeshi, wala si kundi la watu wenye njaa. Kampuni ikalipa.

Miaka kumi na mitatu ikapita. Mwezi wa Juni 1780 mji wa London ulishikwa na ghasia kubwa kuliko zote zilizokumbukwa. Bwana mmoja jina lake Lord George Gordon alikuwa ameongoza watu kwenda Bungeni kupinga sheria iliyowapunguzia Wakatoliki mizigo yao, na kwa siku kadha makundi yalichoma nyumba, makanisa na magereza. Askari wengi walisimama wakitazama, kwa kuwa walidhani hawana ruhusa ya kufanya neno mpaka hakimu asome lile tangazo la mwaka 1715, na mahakimu wengi waliogopa kutoka nje. Mamia ya watu walikufa kabla mji haujatulia.

Kati ya waliopoteza mali alikuwamo Thomas Langdale, Mkatoliki, mwenye kiwanda cha kutengeneza pombe kali mtaa wa Holborn. Kiwanda kikaungua chote. Alikuwa na bima. Lakini hati yake, pamoja na kutaja mamlaka yaliyonyakuliwa kama ile ya Norwich, ilikuwa imeongeza kitu kimoja zaidi: "machafuko ya raia." Kesi ikaja mbele ya Lord Mansfield, jaji mkuu. Yeye akawaeleza wazee wa korti kwamba machafuko ya raia ni kuinuka kwa watu kwa shabaha iliyo ya wote, ingawa hawajafika kuwa waasi. Kundi la Norwich lilikuwa na shabaha ya mahali pamoja. Hili la London lilikusudia kubadili sheria ya nchi. Langdale akashindwa.

Na jaji huyu, wasikilizaji, hakuwa akisema juu ya jambo la mbali. Nyumba yake mwenyewe, katika uwanja wa Bloomsbury, ilichomwa na makundi yale yale, pamoja na vitabu na maandishi yake ya miaka mingi. Mtu aliyeungua akamhukumu mwenziwe aliyeungua, wala hakuzipindisha hati kwa ajili ya huruma wala kwa ajili ya hasira. Twaweza kumwonea uchungu Langdale, na hata hivyo tukakiri kwamba jaji alisoma kilichoandikwa.

Hati za meli nazo zina ajabu yake. Kwa karne nyingi hati ya bima ya baharini iliahidi kumlipa mwenye shehena kama meli ikikamatwa na "wafalme, watawala na watu." Karibu na mwaka 1790 meli moja iliyochukua nafaka iliingia bandari ndogo ya Ireland kwa sababu ya upepo mbaya. Wakati ule huko nafaka ilikuwa haba. Watu wa pwani wakaipanda, wakaishika, wakamlazimisha nahodha kuuza nafaka kwa bei waliyoitaka wao. Mwenye mali akasema, "Nimekamatiwa meli na watu, hati yasema watu." Mwaka 1792 majaji wakajibu kwamba neno "watu" katika hati ile maana yake ni dola ya nchi, wala si umati. Na sheria ya Uingereza ya bima ya baharini ya mwaka 1906 ikaeleza wazi: wafanya ghasia wanaoishambulia meli kutoka pwani huhesabiwa pamoja na maharamia. Mtu aliyeshuka nyumbani kwake kwa ajili ya njaa, mbele ya hakimu ni mfanya ghasia, na mbele ya mwenye bima ni haramia, naye hajatoka ufuoni!

Sasa twafika penye fundo la mambo yote. Mwaka 1886, baada ya ghasia za mwezi wa Februari katika mitaa ya matajiri ya London, Bunge lilitunga sheria ya fidia: mtu aliyeharibiwa mali na wafanya ghasia atalipwa kutoka katika fedha za polisi, maana ni kazi ya polisi kulinda amani. Hapo mwenye mali akawa ataka aliyoyapata yaitwe ghasia, ili alipwe. Lakini mwenye hati ya bima mara nyingi alitaka yasiitwe ghasia, kwa sababu kampuni zilikuwa zimeitoa ghasia katika ahadi zao. Sikilizeni kesi tatu.

Ya kwanza ni ya mwaka 1907. Vijana wa London, umri wao kati ya miaka kumi na minne na kumi na minane, walikuwa wakipiga makelele na kuusukuma ukuta wa mtu kwa mikono na miguu, mpaka ukaanguka. Mlinzi alipotokea wakakimbia. Mwenye ukuta akadai fidia. Korti ikasema ili iwe ghasia, yataka mambo matano: watu wasiopungua watatu, shabaha moja, kuanza kuitimiza, nia ya kusaidiana kwa nguvu dhidi ya atakayewazuia, na nguvu iliyoonyeshwa kwa namna ya kumwogofya hata mtu mmoja mwenye moyo wa kiasi. Vijana wale walimkimbia mlinzi mmoja. Hawakuwa na nia ya kushindana na mtu. Hapana ghasia, hapana fidia.

Ya pili yahusu usiku wa kushangilia amani, mwaka 1919, baada ya vita kuu ya kwanza. Umati wa watu wenye furaha uliingia nyumba isiyo na mtu, ukang'oa mbao zake ili kuwasha moto wa sherehe. Hawakuwa na chuki na mtu. Lakini jirani aliyeona aliogopa kuwazuia. Mwaka 1921 korti ikasema hiyo ni ghasia, na mwenye nyumba akalipwa. Furaha yao haikuwaokoa, kwa kuwa hofu ya jirani ilikuwa ya kweli.

Ya tatu yatoka Dublin, nayo iliamuliwa na Baraza la Malodi, iliyokuwa korti ya juu kabisa, mwaka 1924. Watu wanne wenye bastola waliingia kiwanda cha mikate, wakawashika watumishi kwa kuwaelekezea silaha, wakachukua fedha, wakaenda zao. Nje barabarani hapakuwa na kelele. Wenye kiwanda walikuwa na bima ya wizi, lakini hati ilitoa hasara itokanayo na ghasia. Malodi wakahesabu: watu ni zaidi ya watatu, shabaha ni moja, nguvu ipo tayari, hofu ipo. Basi ni ghasia, na kampuni hailipi. Lord Sumner alikiri kwamba mtu wa kawaida asikiapo neno ghasia hufikiri jambo lenye kelele zaidi. Lakini akasema neno hilo katika hati ya bima ni neno la sheria, nalo lashika maana yake ya sheria.

Wekeni ile ya kwanza na ile ya tatu pamoja. Vijana wenye makelele walioangusha ukuta hawakuwa ghasia. Watu wanne walioiba kimya walikuwa ghasia. Na katika kesi zote mbili mwenye mali ndiye aliyeshindwa: wa kwanza kwa sababu neno halikumfikia, wa pili kwa sababu lilimfikia. Wala majaji hawakupotoka. Walitumia kipimo kimoja pande zote mbili. Kosa, kama lipo, ni la mtu kutia sahihi neno ambalo maana yake anaidhania.

Baadaye Uingereza ilivitengeneza upya vipimo hivyo. Sheria ya mwaka 1986 ilirudisha hesabu ya kumi na wawili kwa ghasia kubwa, na watatu kwa vurugu za mabavu iliyo chini yake. Na baada ya ghasia za mwaka 2011, sheria ya fidia ya mwaka 1886 iliondolewa, ikatungwa nyingine mwaka 2016. Hivyo neno hili halijaacha kutembea.

Imebaki hati moja, ya biashara, ambamo hakuna umati wala bastola. Mwezi wa Oktoba 1956 wafanyabiashara wa Sudan waliahidi kuwauzia wanunuzi tani 300 za karanga, zipelekwe Hamburg kwa meli katika Novemba au Desemba. Tarehe 2 Novemba Mfereji wa Suez ukafungwa kwa vita. Kutoka Port Sudan mpaka Hamburg kwa njia ya mfereji ni maili 4,386. Kwa kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, meli ikishuka katika bahari yetu hii ya mashariki ya Afrika, ni maili 11,137. Wauzaji hawakupeleka kitu. Wakasema njia imefungwa, na mapatano yamekufa pamoja nayo.

Baraza la Malodi likaamua mwaka 1961 kwamba mapatano hayakufa. Hati haikusema karanga zipite Suez. Karanga hazikuwa kitu cha kuoza kwa safari ndefu. Siku ya kufika haikuwekwa. Njia ya Rasi ilikuwa wazi, ingawa ni ghali. Wauzaji wakatozwa hasara. Kwa mfanyabiashara, basi, kuvurugika kwa mambo hakupimwi kwa ukubwa wa tukio. Vita vyaweza kufunga mfereji ambao dunia nzima yautumia, na bado hati ikasema: kazi yako yawezekana, ifanye. Kama wauzaji wangalitaka ulinzi, maneno machache tu juu ya mfereji yangalitosha, nayo yangaliandikwa kabla ya kutia sahihi.

Sasa turudi kwa vijana wetu kumi na wanane. Tulipokwisha kubishana, mwalimu mmoja mzee aliuliza maswali manne. Je, walimwogofya mtu? Hapana. Je, walivunja kitu? Hapana. Je, walizuia kazi ya chuo? Chakula cha jioni kilichelewa, basi. Je, walikuwa na njia nyingine ya kuleta mashtaka yao? Hapo tukanyamaza, kwa kuwa hapakuwapo. Vijana hawakufukuzwa, walikatazwa kutoka kwa juma moja, na maharagwe yakatupwa. Ule mstari mmoja ukafutwa. Mahali pake tuliandika makosa yenyewe, kila moja kwa jina lake: kutishia mtu, kuharibu mali, kuzuia masomo kwa kusudi, na chini yake tukaandika jinsi mwanafunzi mwenye kinyongo atakavyomfikia mkuu wa chuo. Kanuni ikawa ndefu zaidi. Lakini tangu siku ile mwanafunzi aliyeisoma alijua ni wapi ukomo ulipo, na mwalimu aliyetaka kuadhibu alijua hivyo hivyo.

Wasikilizaji wetu, wengi wenu mtaletewa hati siku moja: ya chama cha ushirika, ya kuuza mazao, ya nyumba ya kupanga, ya bima, au kanuni za shule ya mtoto. Ndani yake mtakuta maneno kama fujo, ghasia, machafuko, au jambo lisilozuilika. Msikubali kuyapita kwa kuwa mwayajua. Neno mlijualo kwa masikio ya kijiji huenda lina uso mwingine katika karatasi. Kabla ya kutia sahihi au kidole, ulizeni: Ni watu wangapi? Wafanye nini? Nani aogope au kipotee nini? Na neno hili likitokea, nani atalipa? Asiyeweza kujibiwa maswali hayo na angoje mpaka ajibiwe.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twathubutu kuongeza ya kuwa hata iliyo na daftari hupotea, kama mwenyewe hakuuliza maana ya yaliyoandikwa humo.

Kwaherini.